Kabla hujajaza fomu ya maina, hesabu saa

Juzi saa tatu usiku nilikuwa nyumbani hapa Moshi, napitia insha za vijana wanaoomba vyuo, simu ikaita. Ni binti wa Machame niliyemsaidia kupata chuo huko Ohio. Kwake ilikuwa saa nane mchana.

"Shikamoo mwalimu. Nachukua uchumi, na wenzangu karibu wote wanaongeza maina ya kompyuta. Mwisho wa kujaza fomu ni Ijumaa. Nijaze?"

"Marahaba mwanangu. Tafuta karatasi na kalamu kwanza."

Kwa aliyesoma vyuo vya kwetu, maina inahitaji maelezo kidogo. Sisi tuna kozi za lazima na za hiari, basi. Anayesomea ualimu hubeba masomo mawili ya kufundishia, lakini hayo yote mawili ni kazi yake. Marekani mwanafunzi ana meja, ile fani yake kuu, na akipenda anaongeza fungu la kozi tano au sita za fani nyingine, kwa kawaida krediti 15 hadi 18. Ndiyo maina. Huandikwa kwenye transkripti, ile karatasi ya kozi na alama, na mara nyingi haitajwi kwenye cheti chenyewe.

Hizo krediti ndizo huwachanganya watoto wetu. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kazi, mwaka una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Kule 120 ni shahada nzima ya miaka minne. Krediti moja ni saa moja darasani na angalau mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15. Piga hesabu: saa 45. Maina ya krediti 18 ni saa 810.

Nilimsikia akiandika, halafu kimya.

Tukaendelea. Kozi mbili kati ya zile sita, takwimu na programu ya mwanzo, alikuwa ameshazisoma, na chuo chake kinaruhusu zihesabiwe pande zote mbili. Si kila chuo kinaruhusu, kwa hiyo uliza mapema. Zikabaki nne, saa 540. Na nafasi zake za hiari mpaka amalize zilikuwa nne tu. Kwa hiyo hakuwa anaongeza kitu. Alikuwa anabadilisha. Nikamuuliza: bila maina, hizo nafasi ungeziweka nini? Akajibu bila kufikiri: ekonometria ya pili, yaani takwimu za uchumi, uandishi, na Kihispania.

Nilipenda alivyojibu haraka. Kozi ambayo mtu anaitaka haimchukui muda kuitaja.

"Sasa kompyuta inatoka wapi?"

Hapo ndipo sababu ilipojitokeza. Aliambiwa kwamba mwenye maina ya kompyuta hupewa miezi 24 zaidi ya kufanya kazi Marekani baada ya kuhitimu. Nimeshawasikia wengi wakisema hivyo, na inaniuma, kwa sababu wanapangia maisha yao jambo lisilo kweli. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, anaweza kupata ruhusa ya miezi 12 ya kazi inayohusiana na meja yake. Nyongeza ya miezi 24 hutokana na shahada iliyo kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kinachoangaliwa ni meja. Maina haihesabiwi.

Nikamwomba afungue fomu yake ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, anisomee namba iliyo kando ya jina la fani. Akasoma taratibu: 45.0603. Hiyo ni ekonometria na uchumi wa hesabu, na imo kwenye orodha. Ingekuwa 45.0601, uchumi wa jumla, isingekuwamo. Alichokuwa anakitafuta alikuwa nacho tangu siku ya kwanza, kwenye karatasi aliyotembea nayo uwanja wa ndege.

Sisemi maina haifai. Kijana anayetaka kurudi Arusha kufanya kazi ya utalii akiweka Kijerumani semesta nne, na mwalimu anayemsahihisha matamshi kila wiki, nitamwambia ajaze hata leo. Ni kitu ambacho ni vigumu kukipata peke yako chumbani. Ila mwaka fulani nilimhimiza kijana mmoja achukue maina ya biashara bila kuangalia ratiba. Kozi ya mwisho ilikuwa inafundishwa semesta moja tu kwa mwaka, akaikosa, akabaki chuoni nusu mwaka zaidi. Baba yake aliuza ng'ombe wawili. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo siruhusu mtu ajaze fomu kabla hatujapanga semesta zote zilizobaki, moja baada ya nyingine.

Ijumaa binti alinitumia picha ya ratiba. Ekonometria ipo, uandishi upo. Ameweka na kozi moja ya kompyuta, ya hifadhidata (database), Jumanne na Alhamisi asubuhi, kwa sababu anaitaka. Fomu ya maina hakuijaza.