Anakula maharage kila siku, mbona damu bado ni pungufu?

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita makundi ya vyakula, atakutajia bila kukwama: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Mtihani huo wanaufaulu. Jambo ambalo halisisitizwi sana darasani ni kwamba vyakula viwili vikikutana tumboni, kimoja kinaweza kukinyima mwili faida ya kingine. Kwa wasichana wetu, kinachopotea zaidi kwa njia hiyo ni madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu.

Kabla ya balehe, msichana na mvulana wanahitaji kiasi kilekile cha chuma, takriban miligramu 8 kwa siku. Kuanzia miaka 14 mvulana huhitaji 11, na msichana 15, kwa sababu kila mwezi anapoteza damu huku mwili ukiendelea kukua. Nyumbani, hata hivyo, sahani yake haibadiliki akivunja ungo. Mara nyingi ndiye anayepakuliwa mwisho, na kinofu cha nyama kimeshakwenda kwa wengine.

Chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Cha maharage, dona na mchicha hufyonzwa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho chai inachokiharibia njia. Tanini zilizomo kwenye majani ya chai hukishika chuma kikiwa bado tumboni, kikapita bila kuingia kwenye damu. Kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo wa namna hiyo kinaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu, na kuongeza maziwa hakuondoi tatizo. Binafsi sina ugomvi na chai. Ninachokilalamikia ni kiporo cha wali maharage kuteremshwa na chai ya rangi kila asubuhi. Chai inyweke, ila isubiri walau saa nzima baada ya chakula.

Nafasi yake mezani ichukuliwe na tunda. Vitamini C hufanya kinyume cha tanini: husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Pera lina vitamini hiyo mara kadhaa kuliko chungwa, na vijijini watoto huliokota chini ya mti bila gharama, ilhali sisi tunasifia tufaha la kutoka nje. Kachumbari juu ya makande, au ndimu iliyokamuliwa kwenye mchicha baada ya kuepuliwa, inatosha pia; ikichemshwa sana, vitamini hupungua. Maharage yalowekwe usiku na maji yamwagwe. Mkijaliwa dagaa, hata kiganja kimoja kikichanganywa na mboga husaidia chuma cha mboga nacho kiingie.

Kuna imani kwamba kila kilicho chekundu huongeza damu, basi mtoto ananunuliwa juisi ya rozela, au hata soda nyekundu. Rangi hiyo haihusiani na damu. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na chuma hamna.

Dalili nyingine huonekana kama utundu. Binti anatafuna mchele mbichi, au ananunua udongo sokoni na kuuficha kwenye begi la shule. Hamu ya namna hii mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, kwa hiyo kumchapa hakutibu kitu. Mpelekeni zahanati akapimwe wingi wa damu: kwa msichana ambaye si mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Msimpe vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha, maana malaria, minyoo na selimundu nazo hupunguza damu, na kila moja ina tiba yake. Mwambieni mhudumu kama hedhi yake ni nzito. Wasichana wengi hawasemi wasipoulizwa.