Pandora Hakufungua Kisanduku

Katika makundi sogozi umekuwa ukizunguka ujumbe unaodai kwamba Pandora, mwanamke wa kwanza katika visasili vya Ugiriki ya kale, alifungua kisanduku cha vito na maovu yakatapakaa duniani. Kisanduku hicho hakimo katika Kazi na Siku, shairi la takriban mwaka 700 KK linalosimulia kisa hicho. Kilichomo ni pithos, yaani mtungi mkubwa wa udongo wa kuhifadhia nafaka, mafuta au divai, ambao mara nyingine ulikaribia kimo cha mtu na kufukiwa nusu ardhini. Mitungi ya namna hiyo ingali imesimama katika ghala za kasri la Knossos, kisiwani Krete.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu katika karne ya 16 msomi mmoja wa Uholanzi alikisimulia kisa kwa Kilatini akatumia neno pyxis, lenye maana ya kikasha chenye kifuniko, na wachoraji wengi wakamfuata.

Tafadhali tusiusambaze tena ujumbe huo. Anayetaka kuhakiki asome mistari ya 94 hadi 98 ya shairi hilo, ambamo Pandora anaondoa kifuniko kikubwa, na tumaini peke yake linabaki ndani, chini ya mdomo wa mtungi.