Kuchipua Si Kushika Mizizi
Katika nyumba nyingi za Lamu, mtu akichomeka kijiti cha mwasumini kwenye kopo la mchanga, na baada ya siku kadhaa akaona vijani viwili laini vimefunguka, husema kimeshashika, kisha hukitoa kivulini na kukihamishia juani. Siku ya tatu kimenyauka. Lawama hupewa jua, au mkono wa mpandaji, jambo ambalo hunisikitisha, kwa kuwa kosa limo katika imani yenyewe.

Tawi lililokatwa hubaki na wanga uliohifadhiwa ndani yake, na wanga huo, pamoja na maji yanayofyonzwa kupitia kidonda, hutosha kufungua macho ya majani hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Mizizi huota karibu na kidonda, hasa penye kifundo, yaani pale jani linapoota kwenye tawi, na mara nyingi huhitaji wiki 4 hadi 6.

Basi kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini na ukiache kwenye kivuli cha kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba. Mchanga wa ufuoni haufai, kwani chumvi yake huunguza mizizi michanga. Baada ya wiki hizo kivute taratibu sana: kikigoma kutoka, kimeshika.