Je, wajua taa isiyosogea inawezaje kumulika kila kona ya jukwaa?

Ukumbi mdogo wa maigizo una shida moja ambayo mtazamaji haioni: taa hazitoshi. Mchezo wa saa moja na nusu unaweza kudai mwanga wa peke yake kwenye kiti cha babu, kisha mlangoni, kisha kitandani, kisha juu ya ngazi. Ukiipa kila sehemu taa yake, taa nne zimekwenda, na kila moja imekula njia yake kwenye dima, yaani kile kifaa cha kuongeza na kupunguza mwanga. Dima za ukumbi wa aina hiyo mara nyingi zina njia 12 tu. Halafu taa hizo nne hukaa zimezimwa karibu mchezo mzima, zikingojea dakika zao mbili.

Dawa mojawapo ni kioo. Kuna kifaa chenye kioo bapa na mota mbili ambacho huchomekwa mbele ya taa ya kawaida ya jukwaani, pale pale panapokaa fremu ya karatasi ya rangi. Mota moja hukizungusha kioo upande kwa upande, nyingine hukiinua na kukiinamisha. Taa imefungwa kwenye bomba lake juu na haitikisiki. Mwanga ndio unaogonga kioo na kugeuka. Kampuni ya Rosco ilitengeneza kifaa cha namna hiyo na kukiita I-Cue.

Kwa nini basi kisizungushwe chombo kizima, kama zile taa zenye vichwa vinavyocheza kwenye matamasha ya muziki? Sababu ya kwanza ni uzito. Taa ya jukwaani yenye lenzi ina kilo sita hivi, na kuigeuza haraka kisha kuisimamisha bila kuyumba kunataka mota kubwa, fremu nene na pesa. Kioo ni chepesi, kwa hiyo mota ndogo inatosha, waya za taa hazijisokoti, na balbu haitikiswi ikiwa ya moto.

Sababu ya pili iko kwenye fizikia. Kioo kikiinama digrii 1, mwanga unaoakisiwa hupinda digrii 2. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliitumia hila hiyo hiyo kwenye kebo ya simu za maandishi iliyovuka Atlantiki mwaka 1858: umeme dhaifu ulikisogeza kioo kidogo mno, na doa la mwanga likasogea kiasi cha kuonekana kwa macho. Jukwaani mota inafanya safari fupi, mwanga unafanya safari ndefu.

Ila kinachokuzwa ni pamoja na makosa. Amri za kusogeza kioo husafiri kwa DMX512, lugha ya vifaa vya taa iliyobuniwa Marekani mwaka 1986, ambayo kila chaneli yake, yaani njia moja ya amri, ina hatua 256, kuanzia 0 hadi 255. Tuseme mwanga unaweza kuzunguka nusu duara, digrii 180. Ukitumia chaneli moja, kila hatua ni digrii 0.7, na kwa umbali wa mita 8 doa la mwanga linaruka karibu sentimita 10 kwa mpigo. Likitembea polepole mbele ya watu, litaonekana linadundadunda. Ndiyo maana vifaa vizuri hutumia chaneli mbili kwa kila mota: hatua zinafika 65,536 na mruko unashuka chini ya nusu milimita. Kama unanunua kilichotumika, uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ukumbi mdogo haununui kioo ili mwanga utembee. Kumfuata mwigizaji kwa kioo ni kujitafutia balaa, kwa sababu kioo kinakwenda kilikopangiwa na mwigizaji anakwenda anakotaka. Kijana mmoja makini na taa inayogeuzwa kwa mkono ataifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Faida ya kioo ni kuhama gizani. Taa inazimika kwenye kiti cha babu, kioo kinageuka wakati hakuna mwanga wa kukisaliti, na ikiwaka tena inamulika mlango. Basi anayepanga mabadiliko ya taa lazima aweke amri ya kugeuza kioo katikati, baada ya kuzima na kabla ya kuwasha. Akiisahau, watazamaji wataona duara la mwanga likipita mbio ukutani.

Duara lenyewe nalo halikai vile vile. Lenzi ya digrii 19, yaani upana wa pembe ya mwanga wake, inatoa duara la mita 2 ikiwa umbali ni mita 6, na la mita 3 umbali ukifika mita 9. Mwanga ule ule ukitandazwa hivyo, ukali wake unabaki chini ya nusu. Kwa hiyo sehemu ya karibu ipunguzwe kwenye dima ili ilingane na ya mbali, na balbu ya waya ikipunguzwa huwa na rangi ya njano zaidi. Ukingo ulio mkali karibu utafifia mbali. Fundi mzoefu hulegeza ukingo tangu mwanzo, usionekane mkali popote.

Halafu kuna lile linalowashangaza wengi: kioo kikizunguka, picha nayo inazunguka. Ukikata mwanga uwe mraba kwa yale mabamba ya chuma yaliyo ndani ya taa, mraba utakaa sawa kwenye kitanda, lakini ukiupeleka mlangoni utafika umepinda kama picha iliyoning'inizwa vibaya. Duara halina shida hiyo, kwa kuwa halina juu wala chini. Na ukiweka gobo, kile kibati chenye mchoro uliotobolewa, ikiwa kina maandishi kigeuze nyuma mbele, la sivyo yatasomeka kinyume.

Lenzi iwe ya mwanga mwembamba. Mwanga mpana hutanuka kabla ya kufika kwenye kioo, na unaokikosa humwagika darini. Karatasi ya rangi ikae kati ya lenzi na kioo. Kioo kilichopasuka usikibadilishe kwa kile cha kunyolea ndevu: hicho kimepakwa fedha nyuma, kwa hiyo uso wa glasi nao unaakisi kidogo na unapata kivuli cha pili cha mwanga pembeni. Kinachotakiwa ni kilichopakwa mbele, na hicho usikiguse kwa vidole.

Umeme wa mota usitoke kwenye dima kamwe, hata kama soketi iliyo karibu ni hiyo. Dima hukatakata umeme, na vifaa vya elektroniki havivumilii hilo. Kifaa kifungwe na waya wake wa usalama, mbali na ule wa taa, maana kinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Kisikilize pia kikigeuka wakati ukumbi umenyamaza kabisa. Mlio ambao dukani haukusikika unaweza kuua tukio la msiba.

Kabla ya kutoa pesa, chukua orodha ya mabadiliko yote ya taa ya michezo yenu miwili mitatu iliyopita. Tafuta taa za sehemu moja moja ambazo hazikuwahi kuwaka pamoja. Hizo kioo kimoja kinaweza kuzirithi. Zilizowaka pamoja, hata kwa sekunde tatu, bado zinahitaji kuwa taa mbili. Ukikuta za kurithiwa ni mbili tu, nunua taa ya pili ya kawaida.