Je, wajua kwa nini nyoka aliyetengwa na madume bado huzaa?

Kizimba kilikuwa cha kioo, katika bustani moja ya nyoka hapa Mombasa, na ndani alilala kifutu jike, yule ambaye wengine humwita moma. Vitoto vyake vilizagaa mchangani kama vipande vya kamba. (Kifutu hatagi, huzaa.) Kizimba cha jirani kilikuwa na dume. Kwa ujuaji wangu nikamwambia mtunzaji, "Ami, huyu ndiye baba mtu, sivyo?" Akacheka. "Huyu hajapata kumgusa, mwanangu. Na huyo mama ana mwaka na nusu humu, peke yake." Kwenye daftari lake, safu ya baba ilikuwa na alama ya kuuliza.

Nilitoka pale nikiamini kwamba ananitania, au kwamba kuna usiku mtu alisahau kufunga mlango. Kosa langu lilikuwa kudhani kupandana na kushika mimba ni tukio moja. Kwa mbuzi na ng'ombe ni karibu tukio moja, kwa sababu mbegu za dume haziishi muda mrefu ndani ya jike. Basi nikachukua kalenda ya mbuzi nikampimia nyoka.

Ningeanza na kuku nisingepotea. Jogoo akichinjwa siku ya Idi, mtetea huendelea kutaga mayai ya kuangulika kwa wiki mbili hivi, pengine tatu. Katika mrija wake wa mayai mna vijifuko vidogo mno ambamo mbegu hukaa zikisubiri. Bata mzinga aweza kufikisha wiki kumi. Nyoka naye ana vijifuko vya namna hiyo, ila yeye huhesabu kwa miezi, na mara chache kwa miaka.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana faida yake. Nyumba gani hapa haina tangi, au angalau madumu jikoni? Mfereji hutoa leo, kesho kimya, na nguo chafu hazingoji mfereji. Jike wa nyoka yumo katika hali hiyohiyo. Dume hupita siku mayai hayajapevuka. Yanapopevuka, dume keshakwenda zake. Kwa hiyo jike hukinga mbegu zinapopatikana, kama sisi na maji.

Tangi hilo lina jambo jingine. Maji yetu hutoka Mzima kule Tsavo, hutoka Marere katika milima ya Shimba, hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na siku mbaya hutoka kwenye mkokoteni, ambapo asili yake ni siri ya muuzaji. Yakishaingia tangini, hebu chota kikombe uniambie ni ya wapi. Jike aliyepandwa na madume wawili kwa nyakati mbalimbali huchota kwenye akiba kama hiyo, na watoto wa mkupuo mmoja wanaweza kugawana baba wawili au zaidi. Wala dume wa mwisho hana uhakika wa kushinda. Kuna nyoka wadogo wa Amerika Kaskazini ambao mbegu zilizoingia kabla ya baridi kali bado huzalisha watoto, hata kama jike amepandwa upya baridi ilipokwisha. Hapo mfano wangu wa tangi unaishia, maana maji hayashindani.

Kenya huwezi kufuga nyoka bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo wanaoumwa kichwa na jambo hili kibiashara wako zaidi Ulaya na Marekani, wanakouza chatu wadogo wa Afrika Magharibi kwa rangi zao. Chukua chatu jike zeruzeru aliyewekewa dume wa kawaida, kisha dume zeruzeru. Mayai yakiangua watoto wa rangi mbili, mfugaji hushangilia: baba wawili! Pengine. Lakini dume wa kawaida aliyebeba uzeruzeru uliojificha aweza kutoa mchanganyiko huohuo peke yake. Rangi humdanganya hata mwenye duka.

Akiba hiyo hudumu muda gani? Ushahidi mzuri ninaoujua uliandikwa mwaka 2011: nyoka mwenye kayamba mkiani, aliyekamatwa Florida na kukaa miaka 5 bila dume, alizaa watoto 19, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha mkono wa baba. Kuna taarifa ya mwaka 1979 ya nyoka wa majini aliyetengwa miaka 7 akapatikana na kijusi, lakini hiyo haikupimwa vinasaba, na siku hizi wengi huishuku.

Huishuku kwa sababu ambayo ilinikosesha mara ya pili. Nilipokwisha kuelewa habari ya akiba, nikawa kila uzazi wa ajabu naueleza kwa akiba. Kumbe baadhi ya majike huzaa bila baba kabisa, yai likijikamilisha lenyewe. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba nyoka mmoja aina ya boa huko Marekani alizaa mabinti 22 kwa njia hiyo, katika mikupuo miwili, na madume walikuwapo! Kwa boa na chatu, watoto wa namna hii huwa majike. Kwa vifutu na swila hutarajiwa kuwa madume. Ni dalili tu, kwani watoto watatu wa jinsia moja wanaweza kutokea kwa bahati. Na kama hilo laonekana la mbali, inua chungu cha maua hapa mjini: yule nyoka mdogo mweusi unayemdhania nyungunyungu ni wa jamii yenye majike watupu.

Nilimrudia ami nikiwa na swali jipya: watoto wa yule kifutu walikuwa madume wote? Hapana, mchanganyiko. Basi baba alikuwapo, mmoja au zaidi, porini huko. Akafungua droo akanionyesha bahasha. Kifutu mchanga hujivua gamba mapema sana baada ya kuzaliwa, na gamba kavu laweza kutoa vinasaba vya kupimwa. Kila bahasha ilikuwa na gamba moja na namba. Za kupelekea maabara, akasema, hela ikipatikana.