Kulanti si dawa ya baridi tu

Pale Mwaloni, Kirumba, utasikia madereva wakisema kulanti, kimiminika cha kupoza injini, ni ya nchi za theluji; Mwanza, maji ya ziwa yanatosha kwenye rejeta. Nusu yake ni kweli. Nchini Kanada, maji matupu yakiganda ndani ya injini hutanuka kwa takriban asilimia 9 na yanaweza kupasua bloku, yaani mwili wa injini. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Lakini kulanti pia huchelewesha maji kuchemka na, kubwa zaidi, ina kemikali za kuzuia kutu. Maji ya ziwa huleta tope linaloziba vijia vya rejeta. Inauma kuona injini nzima ikifa kwa ajili ya ndoo moja.