Dhana potofu kuhusu kifo cha Robert Jordan na mfululizo alioacha bila kuumaliza

Robert Jordan, ambaye jina lake halisi ni James Oliver Rigney Jr., alifariki dunia tarehe 16 Septemba 2007 akiwa na umri wa miaka 58. Mfululizo wake wa riwaya za fantasia, The Wheel of Time, ulikuwa umefikia kitabu cha 11, na kile cha kuufunga kilikuwa bado hakijakamilika. Wasomaji wamerithishana mengi kuhusu yaliyofuata, na baadhi yake hayana msingi.

Wako wanaoamini kwamba kifo kilimkuta ghafla, akiwa hajui hadithi ingeishia wapi. Ukweli ni kwamba Machi 2006 yeye mwenyewe aliwatangazia wasomaji kuwa ana amiloidosisi, ugonjwa ambao protini zisizo za kawaida hurundikana katika viungo vya mwili, na kwake zilikuwa zimeuathiri moyo. Muda uliobaki aliutumia: aliandika baadhi ya matukio, likiwemo lile la kufungia hadithi, na mengine alipokosa nguvu za kuyaandika aliyasimulia kwa mdomo, yakahifadhiwa.

Dhana sugu zaidi ni kwamba Brandon Sanderson, aliyeukamilisha mfululizo, alijitungia mwisho. Sanderson alikabidhiwa kurasa zipatazo 200 zenye matukio yaliyokamilika, vipande na muhtasari, mbali na shehena ya maelezo kuhusu wahusika na ulimwengu wao. Mwisho ni wa Jordan. Hata hivyo, wanaodai kwamba Sanderson alikuwa karani tu wa kunakili nao wanakosea, kwa sababu kurasa 200 hazizai vitabu vitatu vyenye maneno yapatayo 300,000 au zaidi kila kimoja bila mkono wa pili kufanya kazi kubwa. Sura moja tu ya kitabu cha mwisho, ile ya vita vikuu, ina maneno yapatayo 79,000. Mkono huo wa pili unaonekana, hasa kwa mhusika Mat, ambaye utani wake ulibadilika ladha. Sanderson mwenyewe amekiri kwamba hakumpatia vizuri mwanzoni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hoja ya haki dhidi ya vitabu hivyo, wala si kwenye hatima ya hadithi.

Si kweli pia kwamba kampuni ya uchapishaji ilimteua mwandishi aliyekuwa akiuza sana. Uamuzi ulikuwa wa Harriet McDougal, mjane wa Jordan, ambaye pia alikuwa mhariri wa mfululizo huo tangu kitabu cha kwanza cha mwaka 1990. Alisoma tanzia ambayo Sanderson alimwandikia Jordan, kisha akasoma riwaya yake, na uteuzi ukatangazwa Desemba 2007.

Kuhusu kitabu kimoja kugeuka vitatu, vilivyotoka mwaka 2009, 2010 na 2013, lawama ya tamaa ya fedha husikika mara nyingi. Sidhani kama mchapishaji alihuzunika kuuza vitatu. Lakini mfululizo huu ulikuwa ukimpita mwandishi wake tangu zamani: mkataba wa awali ulikuwa wa vitabu sita.

Wengine hudhani kwamba mwandishi akifa, msomaji yeyote anaweza kuiendeleza kazi yake na kuichapisha. Nchini Marekani hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na warithi ndio wenye kauli. Wanaweza hata kukataa kabisa: diski kuu yenye kazi ambazo Terry Pratchett wa Uingereza hakuzimaliza ilipondwa kwa mashine ya mvuke ya kushindilia barabara mwaka 2017, kama alivyotaka. Jordan naye, alipokuwa mzima, alikuwa akisema kwamba maelezo yake yangeharibiwa akifa. Alipougua ndipo alipomwomba mkewe atafute mtu wa kuimaliza hadithi.